Ngwe ya Bondeni

Mjomba alikuwa ameshaleta miche ya miti, ameipanga kivulini nyuma ya jiko.

"Ngwe ya bondeni, hicho kipande unachokitaka, inajaa maji," akasema. "Viazi vitaoza kama mwaka jana. Mvua ya kwanza ikipita na tuta lako limelowa ndani, napanda miti; likiwa kavu, ngwe ni yako. Sawa, Kimya?"

Ananiita Kimya kwa sababu sisemi sana. Niliitikia kwa kichwa. Sijawahi kuwa na shamba langu.

Bibi magoti hayamruhusu kuinama, kwa hiyo alikaa ukingoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa ananielekeza jinsi walivyokuwa wakilima yeye na mama yake.

"Katikati usilime! Nyasi ziache. Mwaga samadi juu yake, panga mbegu za viazi, macho yatazame juu. Sasa kata udongo wa pembeni pamoja na nyasi zake, ukunje kama mkeka, ufunike. Nyasi zilaliane na nyasi."

Nikakata, nikainua, nikakunja. Pande likaanguka puu! Nilipokata pakabaki mtaro. Jamani, raha! Hata kiu nilisahau.

Mjomba akapita, akacheka mpaka akajishika kiuno. "Umewalaza wageni na shuka fupi! Miguu yote nje!"

Kweli. Mapande yangu yalikuwa membamba, hayakukutana. Katikati ya tuta mbegu zilikuwa zinachungulia.

"Achana naye, mke mwenzangu," Bibi akaniambia. "Chimbua mtaroni, uzibe."

Nikachimba, nikaziba, nikachimba tena, tuta baada ya tuta, mpaka mitaro ikanifika magotini.

Mvua ikaja, ikapiga mchana kutwa. Ilipokatika nilikimbia pekupeku, matope yakinirukia hadi usoni. Mitaro ilikuwa imejaa, maji yanateremka mbio, na matuta yamesimama kama migongo ya ng'ombe wanaovuka mto!

Bibi akafuata na ndoo yake. Mjomba naye akaja, akaingiza mkono ndani ya tuta mpaka kwenye kiwiko. Akauchomoa. Udongo ukapukutika vidoleni mwake, mwepesi.

"Mtaro wa kina hivi nani kakufundisha?"

"Shuka fupi," nikasema, kwa sauti hasa.

Bibi nusura aanguke kutoka kwenye ndoo kwa kicheko. Mjomba akajifuta mkono kwenye suruali.

"Haya, na miche yangu niipeleke wapi?"

"Kule juu, Mjomba. Huku usinitilie kivuli."

"Mama yangu! Kimya kapata shamba, kapata na mdomo!"