Mzinga Ukinyamaza

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli asiyepanda baiskeli. Kutwa nzima alinyoosha magurudumu ya watu, na jua likianza kulegea alifunga karakana, akavaa viatu vyake vya mbio vilivyotoboka kidole gumba, akapotelea milimani. Alipanda kwa nyuma ya nyumba yetu, akaingia msituni, akafuata mgongo wa kilima mpaka ng'ambo, kisha akashuka kwa kijia cha mawe kinachotokea kwenye shamba la mizabibu nilikokuwa nikifanya kazi. Akiondoka alisema, "Narudi sasa hivi." Wanawake wenzangu wa shambani walimpa jina la Saa Mbovu. Mimi nilimpa mengine, ila hayaandikiki.

Kazi yangu, ukiacha kupogoa, ilikuwa mzinga. Jina lisikutishe. Ni bomba la chuma lenye mdomo mpana, limeunganishwa na mtungi wa gesi, na kila baada ya muda linalipuka mlio mtupu usio na risasi, ili ndege waliokuja kula zabibu waruke wakamsumbue mtu mwingine. Msimu wa kuiva mzinga ulilia kutwa. Wageni walishtuka mpaka wakajimwagia chai. Sisi masikio yalishakufa ganzi. Tulichokisikia ni ukinyamaza.

Na kunyamaza kwake kulikuwa na maana. Jioni nguruwe mwitu walishuka kutoka msituni na kufanya uharibifu ambao ndege wasingeuweza hata kwa mwaka, kwa hiyo mwenye shamba alimwajiri kaka yangu, ambaye ni mwindaji. Kaka alikaa kona ya juu kabisa, pale kijia cha mawe kinapoingia kwenye mizabibu, bunduki mapajani. Mapatano yalikuwa mepesi. Mzinga ukilia, shambani kuna watu, kidole kikae mbali na kifyatulio. Mimi nilihakikisha wanawake wote wametoka, nikamsubiri na Saa Mbovu apite, amejaa jasho na visingizio, ndipo nikafunga gesi. Kaka akisikia kimya alijua shamba ni lake. Akiangusha nguruwe alipiga mluzi mmoja mrefu, nami nikaandaa mkokoteni.

Kaka alipiga kwa sikio. Majani ya mizabibu ni mazito, huoni kitu, kwa hiyo alisikiliza mwendo na kufyatua, na kwa hilo alijisifu hadi tukachoka naye.

"Mtu ana miguu miwili, nguruwe ana minne," alisema siku moja mezani kwetu. "Siku nikishindwa kutofautisha, bunduki nauza, nanunua cherehani."

"Basi niko salama, shemeji," mume wangu akamjibu, "ili mradi sijaanza kutambaa."

Wakacheka wote wawili mpaka kaka akapaliwa. Walipendana wale. Mara nyingine niliwaonea wivu.

Kisha yakatangazwa mashindano ya mbio za milimani, na mume wangu akarukwa na akili kabisa. Mteja mmoja alimpa fimbo mbili nyepesi zenye ncha za chuma, moja mkono huu na nyingine mkono ule, ambazo wakimbiaji wa milima hujiegemezea wanapopanda na kushuka. Alikuja kunionyesha jikoni, akizunguka meza na kunichubulia sakafu.

"Uzee bado, mkongojo umeshafika," nikamwambia. "Tena miwili."

"Zinapunguza mzigo magotini," akasema. "Ni kama umeongezewa miguu."

Nilimfukuza kwa upawa. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo, si yeye, si mimi.

Siku yenyewe ukungu ulishuka mapema. Ulitoka msituni kimyakimya, ukameza mstari wa juu wa mizabibu, kisha unaofuata, mpaka nikawa sioni kibanda cha vifaa kilichokuwa hatua chache tu kutoka niliposimama. Wanawake waliaga wakashuka, nikawasikia wakicheka barabarani. Nikabaki na chupa yangu ya chai na mkasi wa kupogolea, nikimngoja bwana mkubwa. Asubuhi aliniahidi kwamba leo angepita njia fupi. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia.

Nikaendelea kukata vikonyo. Kulikuwa na kitu kimepungua, na sikujua ni nini. Ilikuwa kama jino likishang'oka, ulimi unajua kabla yako. Ndipo nikagundua kwamba kitambo sasa mzinga haujalia.

Gesi ilikuwa imekwisha. Hilo lenyewe halikunitisha, mtungi wa akiba ulikuwepo kibandani. Nikaenda nikaushika mpini, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, nusura niutupe nyuma ya bega. Ulikuwa mwepesi kama ndoo tupu. Kwenye mpini palikuwa na alama ya vidole, rangi ya buluu, ileile ambayo mume wangu alikuwa akiipaka fremu ya baiskeli ya mtu wiki hiyo. Alikuwa ameuazima kuchomelea vyuma vyake, akautumia mpaka mwisho, akaurudisha pale pale kama mwizi mwenye adabu. Bila shaka alitaka kuujaza kesho. Kwake kila kitu kilikuwa kesho.

Nilimtukana kwa sauti. Nilimtukana vizuri, na katikati ya matusi nikakumbuka kwamba huko juu kaka yangu alikuwa akisikia kimya.

Nikampigia. Yule mama wa simu akanijibu kwa upole wake kwamba ninayempigia hapatikani. Kaka alizima simu kila alipoingia zamu, nguruwe wasishtuke. Mume wangu hakubeba simu kabisa, alidai inamvuta mfuko. Nikaita, "Kaka, usipige," nikaita tena hadi kifua kikauma, na ukungu ukaninyang'anya sauti hapo hapo mdomoni. Kumfuata ilikuwa kupanda mteremko mzima, na nilijua nisingefika kwa wakati.

Lakini kila mwanamke aliyewahi kuishiwa gesi chakula kikiwa jikoni anajua kwamba mtungi uliokwisha bado una pumzi ya mwisho, ukiupasha moto. Niliuelekeza ule mtungi mtupu kwenye jua lisilokuwepo, nikajicheka kwa ujinga wangu, kisha nikakumbuka chai. Nikafungua chupa nikaimimina yote juu ya mtungi wa mzinga, ya moto vilevile, ikaniunguza vidole. Nikasikia gesi ikipumua kidogo ndani ya bomba. Nikaweka kiganja juu ya chuma, nikawa nausihi kama mtoto anayegoma kula. Lia mara moja. Mara moja tu.

Ndipo nikasikia mwendo juu kwenye mawe.

Tak-tak, tak-tak. Miguu minne, ikishuka upesi kuelekea kwenye mizabibu. Nguruwe, nikasema moyoni, na Mungu anisamehe, nilifarijika. Kaka atampiga huyo, atainuka kumwangalia, ataongea, ataacha kusikiliza. Mume wangu atamkuta amesimama pale. Nikakaa nikisikiliza zile hatua zinavyokuja, karibu nizishangilie.

Kisha nikasikia mlio wa chuma ndani yake. Kila hatua ya pili iligonga jiwe kwa sauti kali, nyembamba, ileile iliyonichubulia sakafu ya jikoni. Nguruwe havai chuma.

Mimi, mke wake, niliyemjua mpaka anavyovuta pumzi usingizini, nilimsikia anakuja nikadhani ni mnyama.

Nikapiga kelele isiyokuwa na neno ndani yake.

Mlio ukapasuka. Ukazunguka kilimani, ukarudi, ndege wakaruka kutoka mizabibuni wakipiga kelele. Umelia, nikasema. Nikacheka kwa furaha, nikaupigapiga mzinga mgongoni nikiuambia asante, asante mama. Kaka amesikia. Kaka ameondoa kidole.

Chuma kilikuwa baridi chini ya kiganja changu. Hakikuwa kimetikisika hata kidogo. Chai ilikuwa bado ikidondoka kutoka kwenye mtungi.

Kule juu hatua zilikuwa zimekoma. Nikasimama nikingoja mluzi. Niliutamani ule mluzi kuliko kitu chochote nilichowahi kutamani, huo mmoja mrefu, nikachukue mkokoteni, nimkute kaka akijisifu juu ya nguruwe mwenye miguu minne.

Haukuja. Nilisikia majani yakisukumwa, na mtu akitembea haraka, kisha pole pole, kisha akasimama. Halafu nikaisikia sauti ya kaka yangu ndani ya ukungu, ya chini, kama ya mtu anayebisha hodi nyumba ambayo huenda watu wamelala.

"Shemeji?"