Kila Daktari na Rundo Lake

Mjukuu wangu ni daktari wa picha za ndani ya mwili. Namwita mke mwenza, maana babu yake akimwona tu husahau kama mimi nipo. Jumapili ile alikuja kanuna, chai ikapoa mbele yake.

"Nani kakuudhi, mke mwenza?"

"Madaktari wenzangu, bibi. Kesho wakikataa, mashine inarudi ilikotoka."

Hospitali yao imeazimwa mashine mpya ya kupiga picha za mapafu. Ili ibaki, lazima ipimwe kwanza: inaonyesha ugonjwa vizuri kuliko ile kuukuu? Basi kila mtu aliyekuja kupimwa mapafu kapigwa picha kwa mashine zote mbili, na mjukuu wangu anataka kila daktari asome picha zote. Zote! Wenzake wamemwambia wagonjwa wamejaa barazani, macho ya akiba hawana.

"Si upunguze picha?"

"Wengi pichani ni wazima, bibi. Nikipunguza, wagonjwa watabaki kiduchu. Mashine itasifiwa kwa bahati tu."

Nikamwacha na mnuno wake, sebuleni wajukuu wadogo wananingoja. Jumapili kwetu ni vitendawili, mimi na babu yao tunashindana: vya nani vigumu zaidi? Zamani kila mtoto alijibu vyote. Wakichoka walijibu ovyo, wengine walilala midomo wazi. Siku hizi tunawagawa: wa mkekani wana vyao, wa kwenye kochi wana vyao, ila kila kundi linaonja vyangu na vya babu. Mwisho tunajumlisha vilivyowashinda.

"Wa kochi wana akili zaidi!" babu akalalamika. "Unanionea!"

"Unaonewa wapi, mzee? Hao hao wamejibu vyangu, wakajibu na vyako. Kubali yaishe!"

Mlangoni mke mwenza akacheka mpaka akavua miwani.

"Mtu wetu wa hesabu kaniambia hivi hivi wiki nzima, namwona mvivu! Kila daktari na rundo lake, watu wale wale kwa mashine zote mbili. Mwenye jicho kali atajipima na jicho lake mwenyewe."

"Na wakisoma za mashine ya pili, wasizikumbuke za kwanza. Hawa watoto nikirudia cha Jumapili iliyopita, wanajibu sijamaliza kutega."

"Hilo nimeshalipanga, bibi. Watapumzika wiki kadhaa katikati. Mimi si mjinga kiasi hicho."

"Haya, bingwa. Kanywe chai."

Kesho yake jioni mke mwenza akaingia, viatu bado miguuni, akapaza sauti: "Kitendawili!"

"Tega!"

"Mlima uliomshinda kila mmoja, wote wameumaliza."

Jibu nililijua kabla hajafunga mlango. Lakini nikajikuna kichwa, nikataja mchwa, nikataja ugali wa msibani, babu akanikonyeza.

"Nimeshindwa, mke mwenza. Nakupa mji."

"Sitaki mji, bibi! Ni picha! Wamekubali, wote!"

Nikammiminia chai. Hii aliinywa ya moto.