Bata wa Jarida la Useremala

Baada ya swala ya alasiri, Ebla alikuwa akichuja chai ya maziwa mlangoni mwa jiko. Mumewe Kerrow alikuwa ameketi kwenye benchi la karakana, miwani imemshukia puani, akisoma jarida la useremala kwa sauti. Karakana yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba yao, mtaa wa Waberi, Garissa mjini. Maranda yalijaa chini hadi vifundoni. Mbuzi mweupe aliyafukua kwa mdomo, akaona hayana faida, akayaacha.

"Ukifuata hatua hizi," Kerrow alisoma, "utabata droo imara isiyolegea."

Bata akaanguka kutoka hewani, akatua juu ya maranda. Alijikung'uta, akatazama huku na huku, akaketi.

Kerrow alimsogeza kwa mguu asije akakanyagwa, akalamba kidole, akafungua ukurasa. "Tena utabata wateja wengi."

Akaanguka bata wa pili.

"Wawili," alisema Ebla, akaenda kutafuta karai.

Jarida lilikuwa la kuonja tu. Lililetwa na Abdiwali, muuza magazeti wa karibu na soko, kijana mwenye maneno mengi na viatu vizuri. "Adeer, kaa nalo wiki moja," alikuwa amemwambia Kerrow. "Ukilipenda, unalipia mwaka mzima, kila mwezi nakuletea hapa hapa. Usipolipenda, nirudishie. Ila usinikunjie kurasa."

Bei ya mwaka mzima ilikuwa sawa na mbuzi mmoja, na nyumba ile ilikuwa na mbuzi mmoja.

Kerrow hakuwa mtu wa anasa. Alikuwa fundi wa vitanda, milango na makabati, na mbao zake nyingi zilikuwa za mathenge, mti ambao kila mtu Garissa anautukana na kila mtu anaukata. Shida yake ilikuwa droo. Jua la Garissa huilainisha gundi, na misumari huipasua mathenge, kwa hiyo droo za Kerrow zilianza kucheza kabla mwaka haujaisha. Siku hizi watu walinunua makabati ya unga wa mbao ulioshindiliwa, yanayokuja na lori kutoka Nairobi, yenye kioo. Walipopita mbele ya karakana walimsalimia Kerrow vizuri sana, kama watu wanavyomsalimia mtu ambaye hawataki kununua kwake.

Sasa, katikati ya jarida palikuwa na picha ya droo ambayo mbao zake zilishikana kwa meno, kama vidole vya watu wawili wanaopeana mikono. Hapakuwa na gundi wala msumari. Kerrow aliitazama picha ile kama mtu anayetazama picha ya mtoto wake aliye mbali. Maelezo yake yaliishia pale yalipoanza kunoga, na chini yake paliandikwa kwamba sehemu ya pili itakuwa katika toleo lijalo.

Kwa hiyo Ebla alijua kabisa kilichokuwa kwenye mizani. Upande mmoja palikuwa na droo. Upande wa pili palikuwa na mbuzi, na maziwa ya mbuzi yalikuwa ndiyo chai yao, na kikombe cha kwanza cha kila asubuhi kilikuwa cha Saynab, jirani aliyejifungua miezi michache nyuma, ambaye mumewe alichunga ngamia wa watu huko Habaswein. Saynab hakuwahi kuomba. Ebla naye hakuwahi kusema kwamba anampa. Alikuwa anakisahau kikombe juu ya ukuta, basi, na baadaye anakikuta kimeoshwa.

Na sasa palikuwa na bata.

Kwamba ni kosa la jarida, hakuna aliyebisha. Kerrow alikuwa amesema "kubata" sokoni maisha yake yote na hakuna mteja aliyewahi kuangukiwa na ndege. Kisomali hakina herufi ya p, kwa hiyo mtu akikua bila hiyo haoni kuwa amekosa kitu. Lakini kila aliposema akiwa amelishika jarida lile mkononi, lilimtii neno kwa neno kama alivyotamka. Aliposoma kwamba seremala mzuri hupima, hupima tena, ndipo hukata, alikuja kijana wa bima mwenye mkoba, na kabla hajamaliza chai akaja wa pili. Neno "pia" alilisoma mara moja tu. Chupa iliyotokea, yenye baridi na picha ya ndovu, aliibeba kwa koleo bila kuigusa, akaifukia nyuma ya choo, na tangu siku hiyo neno lile akawa analiruka.

"Si usome kimoyomoyo?" Ebla alimuuliza.

"Kimoyomoyo ndiyo kusoma gani?"

Kerrow alijifunza kusoma duksi, chuo cha Kurani, utotoni, na duksi mtoto akinyamaza mwalimu hujua amelala. Kwake kusoma bila sauti kulikuwa kama kumeza bila kutafuna.

Alhamisi alikuja binti yao Hamdi, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Bura. Aliwasalimu wazazi wake, akavuka bata, akaketi mkekani. Aliposikia habari alilitazama kosa kama mwalimu.

"Aabo, funga midomo. Kisha ipasue. Pa."

"Ba."

"Pa!"

"Si ndivyo nilivyosema? Ba."

"Hooyo, msikie huyu!"

"Namsikia miaka yote hii," alisema Ebla. "Hebu lisome wewe."

Hamdi alilishika jarida, akasoma kwa sauti safi ya darasani: "Ukifuata hatua hizi, utapata droo imara isiyolegea." Wakangoja. Mbuzi alikohoa.

"Rudia."

"Utapata droo imara. Utapata wateja wengi."

Hakikutokea kitu.

"Basi, mwalimu," alisema Kerrow kwa upole, "wewe umesoma sawasawa, na hatukubata lolote. Mimi nasoma vibaya, na hebu tazama ua wangu."

Hamdi alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shela. Kisha akasema waziwazi kwamba jarida lirudishwe. Bata hawali maranda. Zaidi ya yote, wanakunywa.

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkosesha Ebla usingizi. Maji yalikuja kutoka mto Tana kwa mkokoteni wa punda wa Deeq, madumu yakigongana njia nzima. Deeq alikuwa mtu wa maneno machache. Dumu la Saynab alilijaza mpaka mdomoni, na Saynab alipotaka kusema kitu, Deeq alianza kumsema punda. Lakini hata Deeq hakuweza kuujaza ua wa bata. Kila bata alikunywa, kisha akaingia ndani ya karai, kisha akanywa tena alimokuwa ameketi.

Mfereji wa mtaa ulikuwepo, pale kwenye kona. Ulifunguliwa kwa mkasi na utepe, halwa ikagawiwa, na tangu siku hiyo ulikuwa ukitoa hewa. Wakati wa joto kali hewa hiyo ilitoka ikipiga mluzi, na mara moja alitoka mjusi. Watu wa Waberi walikuwa wameuzoea, wakawa wanafungia punda hapo.

Bata walikuwa wageni mjini, hawakujua. Ijumaa asubuhi walitoka uani kwa mstari mmoja, wakafika mferejini, wakasimama chini yake na kuinua shingo. Walisimama asubuhi nzima. Waliosubiri maji ya Deeq waliwatazama, na bibi mmoja akawaambia, "Nendeni zenu, wanangu, mtaumwa shingo." Mtu fulani akapiga picha kwa simu. Kufikia adhuhuri picha ilikuwa imefika kila mahali, mpaka kwenye ofisi zenye feni.

Alasiri likaja gari jeupe. Alishuka bwana mkubwa wa maji, mwenye shati lililonyooshwa, pamoja na mhandisi mgeni na mtu wa kamera. Watu walitoka majumbani. Kerrow naye alitoka, jarida mkononi, kwa sababu wiki ilikuwa imekwisha na alikuwa akimsubiri Abdiwali.

Bwana mkubwa alikuwa mtu wa huku huku, Kisomali chake kizuri, lakini kwa heshima ya mhandisi na kamera aliamua kuhutubia kwa Kiswahili. Jua lilikuwa bado kali. Alinyoosha mkono, akalichukua jarida kwa Kerrow bila kumtazama, akajikinga nalo kichwa.

Ebla alifikiria kumwambia aliweke chini. Lakini mtu huyo alikuwa mgeni, na mgeni hanyang'anywi kivuli.

"Ndugu zangu wa Waberi," alianza, "nimekuja kuwahakikishia. Mtabata maji."

Bata wakaanguka wengi kwa pamoja, maana alisema na umati. Mmoja alitua juu ya boneti ya gari. Mhandisi alisogea kidogo kumpisha mwingine.

"Mtabata tenki kubwa. Mtabata bampu ya jua. Kila nyumba itabata mfereji wake!"

Waliendelea kuanguka, weupe, weusi, wenye madoa, wakajaa barabarani hadi kwenye lango la Saynab. Bwana mkubwa alipandisha sauti ili asikike. Alisifu uvumilivu wa wananchi. Mtu wa kamera alimwomba arudie sehemu ya tenki, akairudia.

Saynab alikuwa mbele, mtoto amefungwa kifuani. "Mheshimiwa," aliuliza, "ni lini?"

"Mtabata, dada yangu. Mtabata tu."

Bata mdogo akamwangukia Saynab mikononi. Mtoto akamshika mdomo.

Gari lilipoondoka, wazee walikaa kidogo ukutani na kuamua kwamba ahadi ilitolewa kwa mtaa, kwa hiyo bata hao ni wa mtaa, na kila nyumba ichukue anaoweza kuwanywesha. Nyumba nyingi zilichukua mmoja. Waliobaki walijiunga na wenzao mferejini, wakainua shingo.

Abdiwali alifika akivuka bata kwa uangalifu, akichunga viatu vyake. "Adeer, wiki ndiyo hiyo. Mnalipia au nalichukua?"

Kerrow alilifuta kwa kitambaa jarida alilorudishiwa kabla gari halijaondoka, maana lilikuwa limelowa jasho la bwana mkubwa. Alifungua ile picha ya droo, akaitazama, akafunga.

"Lichukue," alisema. "Hatuna mbuzi wa kuuza. Yule ni wa Saynab kuliko wetu."

Ebla alimgeukia. Siku zote alidhani mumewe haoni kikombe pale ukutani. Alimtazama mzee yule na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, kisha akamgeukia muuza magazeti.

"Abdiwali mwanangu," alisema, "yule mpishi wa hoteli ya wageni, anayelalamika kila siku kwamba mji huu hauna ila mbuzi na ngamia. Bata hapiki?"

"Eeddo, bata hao atawapigania! Wale wahandisi wanaolala pale wanauliza kila siku."

"Basi mwaka wetu utalipwa kwa bata. Wa kwetu wa uani, si wa mtaa."

"Na wakiisha?"

"Atasoma," alisema Ebla.

Kerrow aliinua kichwa. "Mama Hamdi, una hakika? Wanakunywa sana hawa."

"Wengi wamesimama kwenye kona ile wakatuambia tutapata. Jarida hili ndilo la kwanza kuleta kitu, hata kama si chenyewe. Lipie. Ila sehemu za kupata usome taratibu, na mwezi wa Ramadhani usome baada ya futari."

Toleo la pili lilikuja, na Kerrow akalisoma mbele ya benchi, bata wakianguka mmoja mmoja na Ebla akiwaelekeza kwenye karai. Meno ya mbao yalishikana. Droo ya kwanza ilifunguka na kufungwa bila kulia, na Ebla akaifungua na kuifunga tena, si kwa sababu alikuwa na kitu cha kutia, ila kwa sababu Kerrow alikuwa akimtazama.

Mwezi huo ofisi ya maji ilichukua hatua. Ilimwagiza Kerrow kibao kikubwa cha mbao, akakitengeneza kwa uangalifu, na watu wawili wakaja kukisimamisha mferejini. Kiliandikwa: NI MARUFUKU BATA KUSUBIRI MAJI HAPA. Maneno yalikuwa marefu, kwa hiyo kibao kilikuwa kipana kama mlango uliolazwa.

Kwenye kona ile hapakuwahi kuwa na kivuli. Bata walilala chini ya kibao. Kina mama nao wakasogeza madumu yao hapo, wakampisha Saynab aketi katikati na mtoto wake, mahali jua lisipofika, wakamngojea Deeq na punda.