Kimya cha Mama Mdogo

Kila Jumanne asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, fundi sauti alifagia chini ya meza yake. Alikuta vipande vya waya, maganda ya karanga za Mwalimu, na vipande vya kimya vya wageni wa wiki iliyopita. Kimya kikikatwa kwenye rekodi huanguka sakafuni, chembamba kama ukucha, na kisipofagiwa mtu hukikanyaga akasahau alichotaka kusema. Studio nyingine huvitupa pamoja na takataka. Hapa viliwekwa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, kwa amri ya Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kutupa kitu kinachoweza kumfaa.

Mwalimu ndiye aliyekuwa mwenye podikasti. Hakuwahi kushika chaki maishani mwake. Jina hilo alilipata alipoanza kuwafundisha wenzake namna ya kusimulia, kwa kozi ya masomo saba. Misingi yake aliibandika ukutani, mbele ya macho ya fundi: Anza pale panapouma. Mtu mmoja, haja moja. Kata kila kisichosogeza hadithi. Mwalimu aliitamka misingi hiyo mara moja kwa wiki, na fundi aliitekeleza kwa vidole vyake saa tisa kwa siku, kwa hiyo aliijua zaidi.

Mwaka ule wasikilizaji walipungua. Mwalimu alizunguka studio akisema anatafuta mtu wa kawaida, aliyefiwa, mwenye sauti ya kawaida. "Mtu ambaye hajui kama anasimulia," alisema. Fundi akasema ana mama mdogo. Alisema kwa mdomo wake, akiwa ameshiba na hana homa, wala hakuna aliyemshurutisha. Jambo hilo lilikuja kumtafuna.

Mama mdogo alimlea fundi tangu darasa la tatu, pamoja na binti yake wa pekee. Huyo binti alikuja kuwa mshona vifungo kwenye kiwanda cha mashati, na kiwanda kilipoungua, miaka minne iliyopita, akafa na wenzake kumi. Ripoti ilisema wafanyakazi waliingiwa na hofu wakakanyagana. Mama mdogo hakuiamini. Mtoto wake alikuwa na mbio kuliko watoto wote wa mtaa ule, na hofu hakuijua hata kwa picha.

Tangu wiki ya pili baada ya mazishi, binti alikuja nyumbani kila siku saa kumi alasiri. Mama mdogo alimaliza vyombo, akaketi, akanyamaza, na binti akaingia na aproni yake ya kazini, akavuta kigoda, akaendelea kumsimulia mama yake siku ile ya mwisho. Alikuwa msimulizi wa taratibu mno. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa bado kwenye chai ya asubuhi, nani alikaa wapi, kikombe cha nani kilikuwa na ufa. Ugomvi wa mkasi kati yake na jirani yake wa mezani ulichukua mwaka mzima. Ndugu walipouliza kwa nini asimwambie afupishe, mama mdogo aliwashangaa. "Mwacheni. Ana haraka ya kwenda wapi?" Haja yake ilikuwa moja tu, kujua ilikuwaje mlangoni, na haja hiyo aliitunza bila pupa. Wiki aliyoitwa studio, binti alikuwa amefika kwenye ngazi. Chini ya ngazi ndipo palipokuwa na mlango.

Mama mdogo alivaa gauni la kutokea, akajipaka mafuta miguuni ingawa podikasti haina picha. Alijibu vizuri, kwa mapumziko yake, kama anavyoongea siku zote. Kisha Mwalimu akamwuliza, "Ulijuaje kwamba hatarudi?" Akanyamaza. Kwenye skrini ya fundi mstari ulilala sekunde arobaini na moja. Mwalimu aliyumba kidogo, kiti chake kikalia kwiii, akajutia kelele hiyo. Binti alitokea kando ya pazia, akaona kuna wageni, akangoja. Ndipo mama mdogo akasema, "Nilijua kwa sababu sufuria ya maji ya kuoga ilipoa." Baadaye akatia sahihi fomu iliyosema kwamba anaikabidhi studio sauti yake na kila kilichomo kati ya sauti.

Siku ya kuhariri Mwalimu alisimama nyuma ya fundi akimenya karanga.

"Hiki kirefu chote cha nini? Mtu atadhani simu imekata. Toa."

"Mwalimu, huyu ni mama yangu mdogo."

"Basi mtoe kwa adabu."

Fundi alikata. Saa mbili zikawa dakika ishirini na mbili. Chai haikubaki, wala kikombe chenye ufa, wala mkasi, na hadithi ilianza kwenye moto. Vipande vidogo vya kimya mia tatu na kumi na sita vilijaa kiganjani, na kile kirefu kilianguka kwa kishindo, kipana kama mkanda wa suruali. Mwalimu alikiokota mwenyewe. Katikati ya kipindi liliwekwa tangazo la mdhamini mpya, ambaye alikuwa kiwanda kilekile cha mashati, kilichojengwa upya upande wa pili wa barabara. "Vifungo visivyong'oka," tangazo lilisema. Watu laki mbili walisikiliza wiki ya kwanza, na wengi waliandika kwamba wamelia.

Mama mdogo hakunyamaza tena. Ilianza siku kipindi kilipotoka, alipokuwa akichambua mchele, na jioni ilipofika alikuwa bado anasema. Alisema kuhusu mchele, kuhusu bawaba, kuhusu mbuzi wa jirani na tabia zake. Alikula akisema na kulala akisema. Majirani walikuja siku mbili, wakachoka, wakala kona mmoja mmoja. Yeye mwenyewe alijua kilichompata. Kati ya maneno ya bawaba na maneno ya mbuzi alipenyeza, bila kupumua, "sina pa kusimama jamani sina pa kusimama," akaendelea na mbuzi.

Saa kumi binti alikuja. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akingoja mkubwa amalize. Hakuna aliyestaajabu, maana ndivyo alivyolelewa. Mama mdogo alikuwa amewafundisha yeye na fundi kwamba mtoto hamkatizi mtu mzima kauli, na somo hilo alilikaza mara moja kwa mwiko. Saa kumi na moja binti aliinamisha kichwa, akaondoka. Kesho yake alirudi, akangoja, akaondoka. Fundi aliliona hilo siku kumi na mbili mfululizo, akiwa ameketi ukutani na moyo umemwia mzito, akitamani apigwe mwiko yeye.

Siku ya kumi na tatu alimwomba Mwalimu kopo la biskuti. Lilikuwa tupu. Vile vidogo vilikuwa vimeenda kwa wanafunzi wa kozi, kimoja kimoja ndani ya bahasha, kama mfano wa somo la tatu, Nguvu ya Kunyamaza. Wanafunzi walivitia kwenye vipindi vyao, vya mapishi, vya mpira, vya kufuga kuku. Kila walipovitumia, yule binti aliingia chumbani mwao, akatazama huku na huku, akasema, "Samahani, nimekosea nyumba," akatoka. Wanafunzi wawili waliandika kuuliza kama kuna uwezekano wa kupata kimya kisicho na msichana.

"Na kile kirefu?"

"Hicho ni changu," alisema Mwalimu, akapapasa mfuko wa koti. "Jumamosi nina ukumbi."

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa watu wenye madaftari. Fundi alikaa nyuma, kwenye mitambo. Safu ya mbele alikaa afisa wa kiwanda, na shati lililopigwa pasi vizuri. Mwalimu alieleza masomo mawili ya kwanza, akachekesha watu mpaka wakashika mbavu, kisha akatoa kile kimya mfukoni, akakikung'uta makombo ya karanga, akasema, "Sasa sikilizeni," na akanyamaza.

Binti aliingia kwa mlango wa pembeni. Aliona wakubwa wote wametulia, wanamtazama, akachukulia kwamba ameruhusiwa. Macho yake yalimtafuta mama yake safu kwa safu, yakamkuta fundi.

"Shikamooni," alisema. "Tulipofika chini ya ngazi, mlango ulikuwa na kufuli. Msimamizi alikuwa upande wa pili, tulimwona kwenye kioo, na ufunguo alikuwa nao mkononi. Alisema tungoje kwanza mali itolewe kwa mlango wa mbele, akitufungulia tutatoroka na mashati. Mimi nilifika wa kwanza. Hakuna aliyenikanyaga. Tulipanga mstari, tukangoja. Nilisema, mama—"

Hapo sekunde zikaisha. Ukumbi ulisimama kupiga makofi. Afisa wa kiwanda alipiga pia, akamwinamia jirani yake akasema kwamba msichana ana matamshi mazuri. Mtu mmoja alinyoosha mkono. Alitaka kujua Mwalimu amewezaje kuifikisha hadithi mlangoni kwa muda mfupi vile, wakati mwenyewe msichana alihitaji miaka minne na bado.

"Kukata," alisema Mwalimu. "Alipunguziwa chai."

Watu waliandika. Ndivyo ukumbi mzima ulivyojua yaliyotokea mlangoni, pamoja na kiwanda, na watu waliotazama moja kwa moja kwenye simu zao. Msimamizi aliendelea kuwa msimamizi. Aliyekuwa hajui ni mama mdogo peke yake.

Fundi alikimbilia kwake siku hiyohiyo. Kumwambia haikuwezekana, kwa sababu anayesema bila kituo hasikii, kwa hiyo aliandika yote kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, akamwekea mapajani. Mama mdogo aliikunja bila kuisoma. "Na sabuni hii haitoi povu unasugua mpaka mkono unauma hapana siletewi habari za mwanangu kwa karatasi ataniambia mwenyewe na povu lenyewe likitoka halina harufu," alisema, akamrudishia.

Jumatatu fundi alipiga magoti mbele ya meza ya Mwalimu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu yeyote. Mwalimu alimwinua. Alisema yeye si mnyama. Kile kirefu hawezi kukitoa, ana kumbi nne zimeshalipiwa, na fomu ilitiwa sahihi. Lakini ipo sekunde moja aliyoichomoa kwa sababu ina kelele ya kiti, haimfai kitu, imo kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha. Fundi aichukue tu. Fundi alishukuru. Alijichukia kwa kushukuru, ila alishukuru.

Aliibeba ndani ya leso. Mama mdogo aliimeza na maji, akieleza habari za paa.

Saa kumi binti alikuja, akasimama mlangoni, mikono nyuma. Mama mdogo aliongea kuhusu paa, mabati, misumari. Kisha akanyamaza. Chumbani kikasikika kiti kikilia kwiii, ingawa hakuna kiti kilichosogea. Uso wa mama mdogo ulifunguka wote.

"Shikamoo, mama," alisema binti.

Sekunde ikaisha. "Marahaba mwanangu mbona umekonda hivyo na misumari ya siku hizi inapinda hata hujaigonga," alisema mama mdogo, na hakusimama tena hadi kesho yake saa kumi, kiti kilipolia, na binti akaamkia.

Siku ya nne fundi alimfuata binti hadi getini. Huko nje, mbali na mkubwa anayesema, binti aliweza kuongea.

"Mdogo wangu, una sekunde moja tu. Kesho usiamkie. Sema 'kufuli'. Keshokutwa sema 'ufunguo'. Anza pale panapouma."

Binti alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyeharibikiwa ukubwani.

"Nimpite mama bila kumwamkia?"

Fundi alimfungulia geti. Waliokula mwiko kwa mama yule walikuwa wawili.

Kiwanda kimeongeza udhamini kwa miaka miwili. Somo la tatu ndilo linalopendwa kuliko yote. Jumanne asubuhi fundi hufagia chini ya meza, na wiki hii amefagia vipande vya mzee aliyepoteza mke na mwanafunzi aliyepoteza mguu, akavitia kwenye kopo la biskuti. Kazi ikiisha hupanda basi akaenda kuketi ukutani. Mama mdogo hugeuza kigoda kielekee mlangoni saa tisa na nusu, akisema, na hupaka mafuta miguuni, akisema. Binti akifika, aproni yake imenyooka. Kiti hulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu haya niambie ilikuwaje mlangoni na huyu mbuzi wa jirani leo ameingia tena jikoni."