Mchicha wa Jenerali

"Mchicha haujawahi kumuua mtu," nilimwambia binti yangu.

"Yeye si mtu, mama. Ni kobe!"

Ange ana miaka kumi na minne, na alikuwa ameshamweka Jenerali ndani ya boksi. Mdogo wangu Gaudiosi, anayeendesha lori huku Marekani kati ya Buffalo na Louisville, alikaa jikoni akisubiri kumpeleka kobe kwake Columbus.

"Kule hakuna mama mbishi," akasema.

"Kunywa chai yako."

"Nakunywa, dada. Mimi ni dereva tu."

Wiki tatu nyuma daktari wa wanyama alisema gamba la Jenerali linalainika. Aliagiza unga wa kalsiamu, taa ya miale kama ya jua, na majani ya porini, hasa yale yenye ua la njano yanayoota kila mahali. Taa nilimfungia siku hiyohiyo. Unga nilinyunyiza. Majani ya njiani nilikataa. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, tuliyachuma posho ilipokwisha, na niliapa hakuna kiumbe kitakachoyala nyumbani kwangu. Basi kila Ange alipoenda shule nilitupa majani yake, nikampa Jenerali mchicha mzuri wa bustani yangu nyuma ya kanisa. Siku hii ya boksi alirudi mapema akanikuta na rundo mkononi, akampigia mjomba wake simu.

"Gusa," akasema sasa, akifungua boksi. Akakishika kidole gumba changu, akakibonyeza ukingoni mwa gamba. Likabonyea. Nilitoa mkono haraka.

"Mchicha una kalsiamu," nikasema, lakini sauti ilikuwa imeshashuka.

"Una pia kitu kinachoishika hiyo kalsiamu isiingie mwilini. Daktari alieleza. Wewe ulikuwa kwenye simu."

Nikakaa. Kitu hicho nakijua mpaka jina: oksaleti. Nina diploma ya lishe. Napika kwenye nyumba ya wazee, na kuna mzee mmoja mwenye mawe ya figo ambaye sijawahi kumpakulia spinachi hata kijiko kimoja, kwa sababu hiyohiyo. Mzee wa watu namlinda, kobe wa mwanangu namharibu kila asubuhi.

"Atapona?" nikauliza.

"Miezi, alisema. Akilishwa sawasawa." Ange hakuniangalia. "Ndiyo maana anaenda Columbus."

Gaudiosi akainuka, akalishika boksi. "Tuondoke kabla ya foleni?"

"Weka chini."

"Dada..."

"Weka chini, nimesema. Nimekosea mimi, nitarekebisha mimi. Ange, lete beseni, tukachume majani yake."

"Tunaenda wapi? Hapo nje yapo tele."

"Hapo nje wanapuliza dawa ya magugu. Kanisani hawapulizi."

Aliniangalia kwanza, kama anayepima unga. Halafu akamrudisha Jenerali chini ya taa yake, akachukua beseni.

Dakika kumi baadaye nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi nyuma ya kanisa, na sare yangu ya kazi, nang'oa.

"Machanga zaidi, mama," Ange akasema, akiyapokea.

Nikachuma machanga.