Mmea Usiopenda Kubembelezwa

Ti... ti... ti... Maji yalikuwa yakidondoka sebuleni. Fundi cherehani aliyasikia akiwa chumbani, akadhani bati limeanza tena kuvuja. Kumbe nje jua kali. Alipotoka alimkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, amesimama dirishani, ameinua chungu cha maua, maji meusi yanachuruzika kutoka kitakoni.

"Shemeji, huu ni mmea au unafuga kambale?"

Fundi alijilazimisha kucheka. Ulikuwa mmea wa majani marefu, magumu, yaliyozoea kusimama kama panga. Wa mwisho katika mimea ya mkewe. Mingine yote ilikwisha kuoza. Huu nao ulikuwa umelegea, na udongo wake ulinuka.

"Naumwagilia kila asubuhi," alijitetea. "Sishiki cherehani kabla sijaunywesha. Dada yako aliniambia pale kitandani, nitunzie maua yangu. Sasa nimekosa wapi?"

"Hujakosa. Umezidisha." Shemeji alitandaza gazeti sakafuni, akauvuta mmea. Ulitoka bila ubishi. Mizizi ilikuwa imepondeka kama ndizi iliyooza. "Dada alikuwa muuguzi, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku. Ndiyo maana alichagua mimea isiyopenda kubembelezwa. Udongo ukauke kabisa, ndipo uupe maji kidogo. Wakati mwingine wote, unausahau."

"Nimsahau?" Sauti ya fundi ilikatika.

"Uusahau, shemeji. Mmea. Sijasema umsahau."

Fundi akageuka ukutani, mabega yakimtikisika. Kila asubuhi, akiwa na jagi mkononi, alikuwa akizungumza na mkewe. Hakujua pa kumpelekea salamu zile kama si kwenye chungu kile.

Shemeji alijifuta macho kwa kanga, kisha akalitafuta jani moja lililobaki gumu, akalikata.

"Hili huenda likapona. Ila tuliache kwanza kidonda kikauke, ndipo tulichomeke kwenye mchanga. Ukilipanda na kidonda kibichi, litaoza."

"Na lisipopona?"

"Utakuwa umelitunza, shemeji. Basi."

Fundi alilipokea kwa mikono miwili, akalilaza kivulini juu ya kabati. Mkono ukaelekea kwenye jagi wenyewe. Akauvuta nyuma, akaufumbata kifuani.

"Shemeji, nakuahidi," alisema. "Nikitaka kulia, nitakuja nilie kwako. Hili jani nitaliacha mpaka lenyewe lione kiu."