Mafuta ya Ijumaa

"Dainamo halichaji betri!" Yahya alipiga kelele kutoka uani. "Mzee, hii imekula kwetu. Taa nyekundu haizimiki hata nikikanyaga mafuta. Tukodi gari la maana kesho, tusije tukaaibika njiani."

Firdausi aliyasikia hayo ya kaka yake akiwa chumbani, na moyo ukamshuka. Kesho ndiyo siku ya kupelekwa kwa mumewe Kibaha, kule Tumbi, na yeye alikuwa mwali aliyewekwa ndani, haruhusiwi kutia mguu nje ya mlango. Tangu yuko mdogo baba yake, Mzee Bilali, alikuwa akimwambia, "Mama yako aliingia nyumba hii kwa Morisi, na wewe utatoka kwa Morisi." Lilikuwa gari dogo la zamani, la rangi ya maziwa, nalo lilijulikana Kisarawe nzima. Firdausi hakuwahi kuota harusi yenye gari jingine.

Kilichomkosesha raha zaidi ni jibu la baba. Mzee Bilali hakubishana. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Basi kodi, mwanangu."

Firdausi alijitupia khanga kichwani, akatoka.

"We Firdausi!" mama yake, Bi Zena, aliruka kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Mwali gani huyu? Unatoka nje, na hina bado!"

"Ndiyo maana nimetoka sasa, mama. Nikishapakwa sitaweza kushika spana."

Yahya aliangua kicheko. Baba hakucheka, lakini aligeuza uso upande ilikotoka sauti ya binti yake. Macho yake yalikuwa na ukungu tangu mwaka jana, na Yahya ndiye aliyekuwa akiendesha siku hizi. Hata hivyo kulikuwa na kazi moja ambayo mzee alikataa kumwachia mtu. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, injini ikiwa baridi, alifungua boneti, akapapasa nyuma ya dainamo mpaka kidole kikapata tundu dogo, akadondoshea matone mawili matatu ya mafuta. Kikopo kilikuwa cha cherehani ya mkewe. Kisha alibonyeza mkanda wa feni kwa dole gumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Niambie cha kufanya, baba," Firdausi alisema.

Akamwambia. Firdausi akalegeza boliti, akavua mkanda, dainamo likatoka. Alipofungua kifuniko cha nyuma, mafuta meusi yalimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ndani kote kulikuwa kumelowa.

"Unaona nini?" baba aliuliza.

Firdausi aliona, akatamani asingeona. "Mafuta, baba. Yamezidi. Yameingia mpaka kwenye kaboni, umeme utapitaje?"

"Haiwezekani. Mimi natia matone tu."

Firdausi aliweka kifuniko chini. "Na mimi natia. Nikija kutoka kazini Kibaha kila Ijumaa jioni, nakuta pale kwenye tundu pakavu, pasafi. Nikadhani huoni tena unapotia, yanaangukia nje. Sikutaka kukuambia."

Halafu mwiko ukawekwa juu ya ndoo.

"Pasafi kwa sababu mimi napafuta," Bi Zena alisema. "Ukishaondoka kwenda msikitini, Baba Yahya, mimi naja kuongezea. Halafu nafuta, usije ukajua."

Mzee Bilali aliwageukia, mmoja baada ya mwingine. Mabega yakaanza kutikisika. Firdausi alidhani analia, kumbe ni kicheko kilichomkaba hadi akashika bampa.

"Masikini dainamo! Linanyweshwa na ukoo mzima, halafu mnalilaumu limelewa!"

"Mimi sijatia hata tone," Yahya alisema.

"Wewe hulipendi," mama akamjibu.

Walifanya kazi pamoja. Baba alielekeza, Firdausi akapangusa shaba ya ndani kwa kitambaa chenye petroli, akaisugua kwa msasa laini, akazikausha kaboni. Mkanda nao ukafutwa, ukarudishwa na kukazwa mpaka dole gumba la mzee liliporidhika. Yahya akawasha. Taa ikawaka nyekundu. Akakanyaga mafuta taratibu. Taa ikafifia, ikafifia, ikazimika.

"Imezimika, baba," Firdausi alisema.

"Nimejua. Nimesikia mlivyonyamaza."

Bi Zena aliishika mikono ya binti yake, akainusa. "Hina itakataa mikono hii." Lakini aliibusu.

Kesho yake, Jumamosi, Morisi iliteremka kilima cha Kisarawe ikiwa na maua kwenye boneti. Firdausi alikaa nyuma na mama yake. Alinyanyua ukingo wa shela, akachungulia ile taa nyekundu mbele ya Yahya. Ilikuwa imezimika. Ndipo alipoanza kulia.

"Kuanzia sasa anatia mtu mmoja," baba alisema kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka. "Mama yako. Mimi nafungua boneti tu."

"Na mimi?"

"Wewe utakuja kukagua kama tumezidisha."

"Kila Ijumaa?"

"Mumeo akikuruhusu. Na asipokuruhusu," mzee alisema, "mwambie aje yeye kukagua, tumfundishe."